Rozari Iliyoendelea Bila Mimi

Ijumaa ya Kwaresima, usiku

Nilisinzia, Vero mjukuu wangu, andika hivyo hivyo, usinifichie. Rozari naiongoza mimi kila jioni, na kila Kwaresima naogopa jambo moja: nikifa, hapa nyumbani itabaki redio tu.

Basi hata hatujaanza, nikawa kama naelea ziwani, maji vuguvugu, marehemu mama ananisuka nywele. Kwa mbali nasikia Salamu Maria, Salamu Maria. Nikasema, haya, nimeshakufa.

Kumbe ni baba yako anaongoza. Yeye ambaye tangu apunguzwe kazi kiwandani kule Nyakato, tukisali anakaa mlangoni kimya, anachezea kandambili.

Halafu akatangaza, "Tendo la kwanza la utukufu, Yesu anafufuka." Ijumaa, tena Kwaresima. Mama yako akamnong'oneza, "Baba Vero, leo ni matendo ya uchungu."

"Uchungu tunao wa kutosha. Itikieni."

Ulimi uliniwasha kumsahihisha. Lakini ningefumbua macho tu, angenirudishia rozari. Nikaendelea kuyafumba mpaka litania ikaisha.

Usimwambie. Kesho nitasinzia tena, mapema zaidi.