Taa za Mchana

Kashai, Bukoba
Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Mugisha,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, na kwamba lile joto unalolilalamikia bado halijakumaliza. Mimi sijambo. Huku mvua zinanyesha na kahawa imechanua vizuri. Mama yuko Kamachumu, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini kuandika. Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Nikikupigia nikiwa kwake, Mama hukaa ubavuni akisikiliza. Nikikupigia kutoka mjini, wewe huwa na haraka. Avit wa jirani anasafiri kuja huko, naye nimempa akukabidhi mkononi.

Nianze na kazi uliyonipa. Picha za sebule ya nyumba utakayomjengea Mama nimezimaliza. Mfinyanzi hulia gaeni, kaka: kutwa nachora kwenye kompyuta sebule za watu ambazo hazijajengwa, na mimi nalala chumba kimoja cha kupanga. Lakini hii niliichora kwa moyo. Dirisha kubwa ulilolitaka nililielekeza kwenye migomba, nikaingiza jua la asubuhi likalala sakafuni hadi miguuni pa meza. Shughuli iko kwenye kuchanganya jua na taa. Mwanga wa dirishani una ubaridi, wa balbu una umanjano. Ukiiacha yote miwili iwake kwa nguvu, sebule inageuka duka la simu. Kwa hiyo katika picha ya mchana nilizima taa zote, na katika ya jioni nikalififisha anga kidogo kidogo mpaka taa zikapata nafasi yao.

Nilizipeleka Kamachumu ili Mama achague, kama ulivyoagiza. Akataka nimwashie taa kwenye picha ya mchana. Nilimweleza kwamba jua likiwepo taa hazina kazi, na kwamba wateja wangenicheka. Akashikilia ziwashwe, tena zote. Nikamtania kwamba anataka kuwatajirisha watu wa umeme. Hata nyumbani nilikuta balbu ya sebuleni inawaka mchana kweupe, nikawa naizima kila nipitapo na kumlaumu kwa kusahau. Yeye alikuwa akiinuka polepole, anashika ukuta, anaiwasha tena. Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Basi nikarudi mjini nikafanya alivyotaka, jua dirishani na taa zote darini. Ili sebule isionekane tupu, nikaweka mtu kwenye kochi. Programu ninayotumia huja na watu wake tayari, karibu wote Wazungu, na huyo ni mwanamume mwenye nywele za manjano anayesoma gazeti. Nilipomwonyesha Mama, alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Kisha akaweka kiganja juu ya mtu yule, akauliza kama ni wewe. Akasema umekonda, lakini unakaa kama marehemu Baba alivyokuwa akikaa. Akaanza kukusalimu kwa Kihaya na kukuuliza mbona umekawia hivyo.

Nami nikamwambia ndiyo, ni wewe.

Nimeshampeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, na la kulia limebakiwa na mwanga mdogo unaozidi kupungua. Dawa ya matone inaweza kuchelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Kumbe Mama alijua siku nyingi. Aliniapisha nisikuambie. Anasema ukijua haoni, utaona madirisha makubwa hayana maana, utaacha kujenga, na usipojenga hutakuwa na sababu ya kurudi. Tangu tulipomzika Baba umekuwa ukisema utakuja nyumba ikiisha. Amelishika neno lako hilo, na nyumba yenyewe anaitaka kwa ajili hiyo tu.

Kiapo chake nimekivunja leo. Lakini uongo wangu mimi umenishinda. Aliniomba nimchapishie ile picha, nikamchapishia. Ameibandika ukutani chini ya balbu, na akina mama wa kanisani wakija kumjulia hali anawaonyesha mwanawe. Wanamtazama Mzungu yule, wananitazama mimi, kisha wanamwambia Mama amebarikiwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli, na mimi siwezi. Naona aibu, kaka, na ninakuonea hasira pia, nisikufiche.

Usingoje nyumba. Njoo, na ufike mchana. Tutafungua mapazia yote na kuwasha kila taa iliyomo, nawe utakaa karibu naye, upande wa kulia.

Joanitha, jirani yake anayemtilia dawa, anakusalimu, na wote wa Kamachumu wanakutakia amani ya Bwana. Mama anajua kwamba nakuandikia, ila hajui ninayoyaandika. Nilipomuuliza ana neno gani kwako, alisema nikuambie usihangaike, ufanye kazi yako kwa utulivu, kwa sababu siku hizi anakuona kila siku.

Ni mimi mdogo wako,
Kokwijuka