Mgonjwa Anayenirudisha Darasani

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki ilifurika hadi kwenye korido, lakini niliimaliza kabla ya chai. Kazi hii mikono yangu imeizoea. Wa mwisho alikuwa mwalimu mkuu mstaafu: mama mrefu, mkoba mapajani. Amepungua, bega la kushoto linamuuma. Kabla sijauliza swali la pili, akaniambia kola yangu imekunjika. Nikainyoosha! Tukacheka. Nimemwandikia dawa ya maumivu na vipimo vya damu.

Jumatatu, 11 Machi
Amerudi. Damu safi, bega lilelile. Leo kanihoji kama nalala vya kutosha. Nikamweleza habari za bega mpaka mshipa wa mwisho, kama mtahiniwa. "Umeeleza vizuri," akasema. Nikafurahi — nikafurahi mno.
Alipotoka, nesi akafunga mlango. "Huyu mama umemwona mara mbili na hujamgusa," akasema. Nikajibu bega ni bega. "Wenzake wenye maumivu ya bega unawapima mpaka kwapani," akasema. Akaendelea kukunja mashuka.

Jumatano, 13 Machi
Maneno ya nesi yamenikwama kama mwiba wa samaki.
Mchana shangazi aliyenilea alipiga simu. Nikajikuta nimesimama wima, mkono nyuma. Daktari bingwa, mtu na ndevu zake! Hapo nikaelewa. Shangazi humwambii avue blauzi. Unasubiri akupe ruhusa. Na yule mama naye, kila nikisogea, ana neno. Kola. Usingizi. Nilidhani amenipenda tu. Anaogopa. Yeye kajificha kwenye ualimu, mimi kwenye adabu, na bega linaendelea kuuma.
Nimemwomba nesi amwite keshokutwa. Nikishaujua ugonjwa, hata ukiwa wangu, tiba hainishindi.

Ijumaa, 15 Machi
Amekuja. Akaanza: "Leo angalau umechana nywele."
"Mwalimu," nikasema, "leo naomba nikupime. Bega, kwapa na titi."
Akaubana mkoba. "Nani kakufundisha kunikatiza?"
Sikuomba radhi. Nikavuta kiti karibu naye, nikamsubiri.
Akaja kusema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba kuna kitu kwapani. Kilianza kama punje ya harage, kabla ya mvua. Hata binti yake hajui.
"Nilitafuta daktari mwenye heshima," akasema. "Nikakupata wewe."
Imenichoma hiyo. Heshima yangu ndiyo aliyokuja kujifichia.
Nikamwambia heshima ipo palepale, ila leo itapima.
Sasa yuko nyuma ya pazia, nesi anamsaidia vifungo. Naandika nimesimama. Nimenawa, nimesugua viganja vipate joto. Anauliza, bila kuonekana, kama nikikuta kitu nitamwambia leo hii. Nimesema ndiyo, leo hii.
Kisha: "Basi ingia. Lakini nipe mkono kwanza."