Baba, Supape Moja Imekataa Kuziba

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha kanisa, kile cha Biblia yako, kwa sababu cha nyumbani nikikifungua tu machozi yananitoka na karatasi inaloa. Nivumilie. Ni mimi, Kapinga wako. Nimekaa kwenye kiti chako cha chuma chini ya mwavokado, mbele ya meza yako, na viganja vyangu vimechubuka.

Niambie supape ipi ni ya wapi. Leo sina ombi lingine.

Ulikufa na moteri ya gari ikiwa wazi. Ulikuwa umeshusha kulase, kile kifuniko kizito cha juu, ukazitoa supape zake nane zinazofungua na kufunga pumzi ya moteri, ukazichomeka katika katoni ya viatu uliyoitoboa kwa bisibisi. Kila supape na tundu lake, kila tundu na namba yake kwa kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa barazani nasuka nywele za mteja, ukatupigia mahubiri sisi wawili: "Supape ni sawa bibi na bwana. Kila moja iko na kiti yake. Ukibadirisha, siri ya nyumba inatoka inje." Mteja alicheka mpaka nikapoteza mstari wa msuko. Tano ulikuwa umekwisha kuzisaga. Ukaomba maji. Nilipoyaleta, ulikuwa umelaza kichwa mezani karibu na ile ya sita, kama mtu aliyechoka kidogo tu, na fimbo ya kusagia bado iko mkononi mwako.

Kilio kikajaza uwanja wote. Na unajua kwetu: vitu alivyoshika marehemu siku ya mwisho lazima visafishwe upesi, asije akarudi kuvitafuta. Basi dada yako, tantine Mbuyi, kwa upendo na machozi yake yote, akazichukua supape, akazimwaga zote katika beseni moja, akazisugua kwa sabuni ya unga mpaka zikang'aa kama vijiko vya harusi. Katoni yenye namba zako iliwashia mbabula, jiko la makaa, wageni wakapikiwa bukari, ugali wetu. Nilipoona beseni lile nilipiga kelele ambazo hata mbele ya mwili wako sikuzipiga. Watu wakadhani uchungu umenipanda kichwani. Tantine akasema, "Minye nilisafisha tu, mutoto yangu." Mpaka leo namsalimia shingo upande. Fimbo yako tu hakuipata, nilikuwa nimeifunga ndani ya kitenge changu.

Na sasa nawaza. Kama ni kweli kwamba mtu hurudi kutafuta vitu vyake vikibaki vichafu, kwa nini sikuzificha na supape pia? Ningeficha hata viatu.

Kisha kuna Baba Mukubwa, kaka yako wa Kolwezi. Tulipotoka makaburini alisimama mbele ya watu wote akasema, "Gari yenye kutembea ni ya batoto. Gari yenye kukufa ni chuma, na chuma ni ya famiye," yaani ya ukoo. Siku ya kumaliza kilio atakuja na lori na kamba, aikokote, auze vyuma. Siku hiyo ni Jumamosi hii. Simchukii. Alikulilia mpaka miwani ikamdondoka. Lakini gari hii kwetu si chuma, Baba, ni mgongo wa mama. Tangu uende, anatoka Mulungwishi na mifuko ya mboga nyuma ya pikipiki, na akishuka goti halinyooki. Juzi pikipiki ilimwangusha na nyanya zake zote. Akakaa kando ya barabara akaokota zilizobaki nzima, wala hakusema neno. Mama yetu, ambaye husema hata na kuku. Wakiichukua gari, ataanguka tena, na ninaogopa kwamba mara hiyo hatainuka.

Kwa hiyo nimekamata kazi yako. Nilitenga kubwa na ndogo, kubwa za kuingiza hewa, ndogo za kutoa moshi. Hapo akili yangu ikaishia. Kati ya ndogo nne, ipi ilikaa wapi? Nilizijaribu moja moja kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango wa jirani. Zile tano ulizozisaga hazikutaka kiti kingine. Mdogo wangu Kabeya, aliyeacha kwa muda mashimo yake ya madini ya Kambove ili anisaidie, akaniambia tusahau, tuanze zote upya. Basi tukaanza. Kufuta kazi yako ya mwisho, Baba. Nilisaga nikilia, napaka ile dawa yenye mchanga laini kwenye ukingo, nakandamiza kikombe cha mpira, napekecha fimbo yako kati ya viganja, nainua, nageuza kidogo, napekecha tena. Kila moja mpaka pete ya kijivu izunguke bila kukatika. Mlio wake ni uleule. Mara ya kwanza mama aliposikia alitoka ndani mbio. Akanikuta ni mimi, akarudi.

Jana tulifunga zote, tukaigeuza kulase, tukamimina esansi, petroli ya gari, juu ya kila supape, tukangoja. Saba zilishika. Moja ya kutoa moshi, ya silinda ya mwisho, ikavuja. Niliitoa, nikaisaga tena. Ikavuja. Ukingo wake umeungua, umemeguka kama sahani ya zamani, na pete ikifika pale inakatika kila mara. Nimesaga mpaka ngozi ya kiganja imetoka. Naomba huku nasaga, natukana huku nasaga, Mungu anisamehe. Wewe ulijua kwamba imeungua, sivyo? Uliiacha ya mwisho kwa sababu hiyo. Ulikuwa na mpango gani? Kulikuwa na mtu wa kukupa nyingine? Kwa nini ulikuwa mtu wa kusema kila kitu isipokuwa kile tunachohitaji?

Unakumbuka tuliporudi kutoka Kambove na silinda moja imekufa njiani? Gari inatetemeka, mama ameshika rozari, Kabeya anataka kushuka atembee kwa mguu. Wewe unaimba. Ukatuambia, "Moteri iko na silinda ine. Moja ikikufa, tatu inabeba kilio yake paka ku nyumba," mpaka nyumbani. Nilikuwa nimekasirika na vumbi, sikucheka. Leo ningelipa chochote nikae tena katika vumbi lile.

Kabeya amerudi sasa hivi. Amezunguka kwa mafundi wote anaowajua. Mikono mitupu. Naacha hapa, siwezi.

*

Baba, ni Jumapili, tumetoka misa. Naendelea kwenye karatasi ileile.

Tuliifunga moteri na supape ile mbovu ndani. Hatukuwa na njia nyingine. Jumamosi watu walikuja na vitenge vyao vya kilio, padri akaomba, tukala. Nje lori lilikuwa limekwisha kusimama. Baba Mukubwa akatoka na kamba begani, akanitazama, akasema nijaribu, ili asije akalaumiwa. Nikaingia. Nikageuza ufunguo. Ikakohoa ikanyamaza. Mara ya pili hata kukohoa haikukohoa. Niliweka paji la uso kwenye usukani wako, unaonuka bado mikono yako, nikasema moyoni, basi, chukueni, chukueni na mimi.

Ndipo nikasikia gari inasogea. Nikageuka. Tantine Mbuyi alikuwa nyuma, amevua viatu, amefunga kitenge juu ya magoti, anasukuma. Kisha Kabeya, kisha mama na goti lake, kisha wote, kilio kizima kinasukuma, tukatoka langoni hadi pale avenyu inapoteremka. Nikaachia mguu wa klachi.

Ikawaka.

Baba, ikawaka kwa tatu. Inapiga, inapiga, inapiga, inanyamaza kidogo, halafu inapiga. Gari yote inatetemeka mpaka meno yangu yanagongana. Nilizunguka nayo kanisa nikarudi, sikuthubutu kuizima. Baba Mukubwa akaweka mkono juu ya boneti akasikiliza. Akasema, "Hii gari iko mugonjwa." Mama akamjibu mbele ya watu wote, kwa ile sauti ambayo hatujaisikia tangu uende: "Ndiyo, iko mugonjwa. Mugonjwa habamuzikake."

Mgonjwa hazikwi, Baba. Baba Mukubwa alikunja kamba yake taratibu, akafungua nyuma ya gari yetu, akaiweka ndani. Akasema itatusaidia siku gari itakapotuacha njiani. Lori likarudi Kolwezi tupu. Na mimi nikamshika tantine Mbuyi nikamlilia begani mpaka kitambaa chake kikaloa.

Sasa Kiswahili cha kanisa kimeniishia, Baba. Niache niseme sawa vile tulikuwa tunasemaka mu nyumba.

Kesho nitapeleka mama ku Mulungwishi. Tutaenda polepole, na tatu. Supape ya silinda ya ine nitaitafuta, ninakuahidi, hata kama ni kwenda paka Lubumbashi, nitaisaga paka pete ifunge, juu ya mama, kwa faida yake, hapana juu yangu. Minye niko na boga, ninaogopa ile siku itapona. Pale moteri inanyamazaka kiloko, kidogo tu, njo pale ninakusikiaka weye. Ikianza kupiga ine yote, nitakusikia wapi?

Lala muzuri, tata yangu. Mama anakusalimia, Kabeya anakusalimia. Bintu yako yote walisafisha, lakini fimbo yako minye sikuisafisha. Iko pa meza, na mafuta yake.

Kapinga