Mama na Perege wa Chekereni

Jumanne, 4 Machi

Nimebadilisha maji ya matangi asubuhi. Umeme ulikatika, pampu ya hewa ikazimika, nikakoroga kwa mkono mpaka ukarudi. Samaki wote wazima.

Jike katikati, dume kila upande, kioo kimewatenga. Kazi yangu ni kutazama anamsogelea nani. Chuoni wananilipa kwa hilo: kujua perege jike anachaguaje dume. Majirani hapa Njoro wanadhani nafuga kitoweo.

Leo maji yalikuwa safi. Alikwenda kwa dume mweusi zaidi, hakubanduka. Majaribio yajayo nitatia tope, maji yafanane na ya mifereji ya mpunga ya Chekereni siku hizi. Nione kama bado atamtambua.

Mama amepiga simu. Niende nyumbani Kirua Jumamosi, kuna mgeni. Hakusema nani. Alitumia sauti yake ya kanisani.

Jumamosi, 8 Machi

Mgeni ni Mzee Valeriani, wa Mkuu, Rombo. Seremala mstaafu. Mkewe alifariki zamani. Walikutana na mama kliniki ya macho, kila mmoja amezibwa jicho moja baada ya upasuaji.

Nilimpa shikamoo bila kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba. Mama hakumhamisha.

Alipoondoka, mama akaniambia huku anachambua maharage: wanataka kuoana. Nikasema sawa. Si sawa. Nimeshuka mjini.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimemkumbuka baba mchana kutwa.

Alikuwa akinipakia kwenye baiskeli hadi Chekereni, kwa binamu yake aliyelima mpunga. Maji ya mfereji yalikuwa meupe, unaona hadi chini. Tukalala kifudifudi ukingoni. Perege dume alikuwa anachota mchanga kwa mdomo, anatema pembeni, anachota tena, mpaka shimo likawa kama bakuli. Baba akasema anamjengea mchumba nyumba.

Baba alikosea. Si nyumba. Jike anakuja, anataga, anakusanya mayai yake kinywani na kuondoka. Dume anabaki na shimo lake. Hayo niliyasoma nikiwa mtu mzima. Sikumsahihisha. Mpaka leo nikiona dume anachimba, nasikia harufu ya mpunga na shati la baba lililolowa jasho.

Na kila Krismasi alitusimulia hadithi ya uchumba wake na mama. Alivyomkuta mama anachuma kahawa kwa shangazi yake. Alivyorudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka siku mama alipocheka. Hapo akajua amekubaliwa. Tuliijua yote kwa moyo, tukimsaidia kuisimulia. Mama alikuwa anagawa ndizi na nyama.

Sitaki mtu mwingine kwenye kile kiti.

Jumatano, 19 Machi

Maji ya tope. Jike amehangaika kati ya madume wawili, mwisho akatulia kwenye kona, peke yake. Nilitarajia. Sikufurahi.

Kaka Elisante amepiga simu kutoka Arusha. Amekwishasikia. Ametaja kihamba, shamba letu la ukoo, ametaja kanisa: sisi Walutheri, yule Mkatoliki. Kisha akasema mama alimchagua akiwa na jicho moja. Tulicheka sana. Baada ya kukata simu nikaona aibu. Mtu mzima, namcheka mama yangu mzazi.

Ameitisha kikao. Anategemea niwe upande wake. Niko upande wake.

Jumamosi, 29 Machi

Kikao kimekwisha vibaya.

Tulikuwa sisi wawili, baba mdogo, na mama. Mvua nje. Elisante alizungumza vizuri, kwa adabu, muda mrefu. Baba mdogo akaunga mkono. Mimi nikasema mama afikirie kumbukumbu ya baba, alivyompenda, alivyokuja siku tatu mfululizo hadi akacheka. Nilisema huku machozi yananitoka.

Mama alisubiri mpaka nikamaliza. Akasema, "Baba yenu sikumchagua. Nililetewa. Alikuwa mtu mwema, nikamzoea, nikampenda. Huyu nimemchagua."

Elisante akainuka. Akasema mama akienda Rombo asitegemee kuzikwa hapa, kando ya baba. Hakupandisha sauti. Ndiyo maana iliuma.

Mama akamwangalia. "Mkinizika sitajua niko wapi, mwanangu. Sasa hivi najua."

Akaenda kukamua ng'ombe.

Jumatatu, 31 Machi

Sikuingia chuoni. Miaka yote hii nimekesha na majike wa samaki, nikiandika kila mmoja anamtaka nani. Mama sijamuuliza hata mara moja.

Nimempigia. Nikamuuliza kama ile hadithi ya kahawa ni ya uongo. Akasema ni kweli, baba alikuja siku tatu. Na siku ya tatu yeye mama alicheka kwa sababu shangazi alimfinya. Wazee walikuwa wamekwishakubaliana.

Nikauliza mbona alimwacha baba aisimulie kila mwaka. Akasema, "Ilikuwa hadithi yake nzuri. Ningeiharibu ili nipate nini?"

Nimelia. Si kwa hasira. Yule baba wa Krismasi bado nampenda, na bado namkosa. Lakini yule binti aliyefinywa naye nimeanza kumkosa, na sikumjua.

Nimemwambia mama nitasimama naye.

Jumamosi, 24 Mei

Ndoa imefungwa Mkuu. Watu wachache. Mama amebaki Mlutheri, paroko hakuleta shida. Alivaa kitenge cha zambarau mama. Nilisaini kama shahidi.

Elisante hakuja. Mkewe alikuja, peke yake, na gunia dogo la mchele. Akasema kaka ndiye aliyelipakia kwenye gari. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka chumbani kwake, si stoo.

Jumapili, 8 Juni

Nimelala Mkuu jana. Baridi. Leo baada ya chakula mama alinifukuza jikoni, eti mimi mgeni, nikajinyoosha chumba cha pili.

Ukuta ni wa mbao. Nilimsikia Mzee Valeriani anamenya ndizi na mama anamcheka. Kichagga cha Kirua na cha Rombo haviendani. Mzee alikuwa anataja aina moja ya ndizi kwa jina la kwao, mama anamwambia hilo si neno, yeye anasisitiza. Wakarudi Kiswahili kidogo, wakapatana, wakaanza tena ubishi.

Mama akacheka. Sauti nene, ya tumboni.

Sikuinuka. Nilifumba macho, nikasikiliza mpaka usingizi ukanichukua.