Kombi Yako Imekwenda Umtata Bila Godoro

Baba,

Kombi yako imekwenda Umtata na kurudi, na haikuchemka hata pale kwenye mlima wa Brooks Nek, ulipokuwa ukiibembeleza kwa maneno kama mtu anayembembeleza mbuzi avuke mto. Nimeanza na gari kwa sababu nakujua. Ningeanza na habari za watu ungenikatiza uulize maji ya rejeta. Maji yapo, oili ipo, breki ya nyuma ya kushoto inalia kidogo lakini inashika. Sasa tulia nikueleze mengine.

Mama ametoka eda mwishoni mwa Novemba. Siku hiyo alivaa gauni la bluu, akashuka ngazi peke yake mpaka Umbilo Road, akanunua nyanya ambazo hatukuzihitaji, akarudi. Akalalamika kwamba jua la Durban limezidi ukali. Jua ni lile lile, Baba, ni yeye aliyekaa ndani muda mrefu. Gerejini ulikokuwa ukifanya kazi wameajiri fundi mpya anayepiga mluzi kutwa, na mwenye gereji anasema hawezi kumzoea. Mama Bea, jirani yetu Mkongo, bado anakwenda sokoni Warwick kuuza vitenge vyake, na bado ananiuliza habari za Papa Rehema, yaani wewe, kisha anajishika mdomo.

Mimi nipo. Nikisikia gari linakataa kuwaka huko chini, moyo wangu unasema, Baba atalisikia. Nakukumbuka sana. Nimeona niandike hivyo waziwazi, maana ulipokuwa hai sisi wawili kazi yetu ilikuwa kutaniana tu.

Lakini nimekaa kuandika kwa ajili ya Shangazi Zuhura.

Huku kusini mlikuwa nyinyi wawili tu wa tumbo moja. Alitangulia yeye na mumewe, miaka ile Umtata walipokuwa wakichukua walimu kutoka kwetu. Akakuita, ukafika na begi moja na mfuko wa spana, akakulaza nyumbani kwake mwaka mzima hadi ulipopata kazi Durban ukatuleta mimi na Mama. Mumewe alipofariki watu walidhani atarudi Korogwe. Akasema hawezi kumwacha kaka yake na watu wasiojua kupika bada, ule ugali wetu wa muhogo. Hilo lilikuwa dongo kwa Mama, na Mama alilicheka kwa sababu lilikuwa la kweli.

Unaikumbuka Desemba ile ya tisini na sita? Mwenye gereji alikupa kombi kuukuu kwa sababu ilikuwa inamzibia nafasi. Ulikesha nayo. Uling'oa viti vya nyuma, ukapiga kitanda cha mbao, ukafunga jiko la gesi, ukaweka pipa la plastiki lenye bomba, Mama akashona mapazia. Ulikuwa umeona wateja wako Wazungu wakija kukagua magari yao ya kulala kabla ya likizo, wakiondoka na nyumba zao mgongoni, wasimsumbue mtu, nawe ukaona huo ndio uungwana. Uliniambia, "Safari hii tunamtembelea Zuhura kistaarabu. Hatumtoi jasho." Mama Bea alikuja kutuaga, akachungulia ndani, akaona mpaka ndoo na kinu, akasema, "Eish, Papa Rehema, uko unabeba nyumba yote? Kule kwa dada yako nyumba haiko?" Tukacheka. Kumbe mwenzetu ameshaona.

Njia ilikuwa tamu. Tulipita kwenye miwa mpaka Port Shepstone, malori yakitupigia honi kwa mwendo wako wa harusi, na wewe ukiyapungia mkono kama yanakusalimia. Kokstad kulikuwa na ukungu na baridi katikati ya kiangazi, ukasimama tu pembeni ya barabara ukachemsha chai ndani ya gari, kwa maringo, wenye magari mengine wakituangalia. Ukanipa kikombe ukaniuliza, "Mheshimiwa, sukari inatosha?" Baada ya hapo vilima, nyumba za msonge zilizopakwa rangi ya maji ya bahari, ng'ombe wamelala barabarani wakiota jua, nawe ukiwaomba radhi kwa dirisha. Sijawahi kukuona na furaha kama ile.

Tukafika. Shangazi alikuwa ametandika chumba cha mbele kwa shuka mpya, kuku ameshachinjwa, udi umefukizwa. Wewe ukaegesha nje ya geti lake, ukafungua mlango wa kombi, ukatoa viti vya kukunja, ukawasha jiko lako. Ukamwambia, kwa uso wa mtu anayetegemea kusifiwa, "Dada, usihangaike. Sisi tuna kila kitu. Tutalala humu humu."

Shangazi alikukazia macho. Akauliza, "Kaka, umekuja kwangu au unapita?"

Ukasema hutaki kumsumbua. Mama akafumba macho, maana alijua hilo neno lingefika wapi. Ndugu aliyekulaza mwaka mzima, unakwenda kulala nje ya geti lake na kula chakula chako mwenyewe? Kwa watu wetu anayefanya hivyo ana ugomvi na mwenye nyumba, au anakiogopa chakula chake. Wageni wa kulala magarini ni wa nchi ya watu, wewe ulikuwa umekwenda kwa dada yako.

Hakugomba. Ungefurahi kama angegomba. Aliingia ndani, akatoka na mto wake na taulo begani, akapanda kwenye kombi, akakaa katikati ya kitanda chako. "Basi mimi leo ni mgeni wako," akasema. "Nina njaa." Ukasonga ugali kwenye kisufuria kile kidogo, ukamfungulia samaki wa kopo, na nyumba yake iko pale mbele yetu, kuku wa mchuzi anapoa jikoni. Akala akamaliza, akashukuru, akajinyoosha. Tulilala wanne humo ndani kama dagaa, na mimi nilicheka mpaka Mama akanifinya.

Asubuhi ulikunja viti kimya kimya, ukaingiza kombi uani, ukabeba mabegi yetu mpaka chumba cha mbele. Tulikula yule kuku kwa chai. Tukakaa wiki, na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, Shangazi alikupa jembe kwelikweli, ukapalilia mahindi yake, nyinyi wawili mkipiga soga kwa Kizigua mnacheka mambo ambayo mimi na Mama hatukuyaelewa. Nilikuwa nakusikia ukicheka kwa sauti ambayo nyumbani hukuwa nayo, ya kitoto kabisa.

Ndiyo maana yaliyotokea Julai yananiuma.

Ulianguka gerejini asubuhi, na baada ya alasiri tulikuwa tumeshakuzika. Wazee wa msikiti walisema maiti hacheleweshwi, Mama akaitikia, na walikuwa sahihi. Shangazi mwenyewe anaijua dini kuliko sisi sote. Lakini kujua ni kitu kimoja na kumeza ni kingine. Alipata simu akaenda stendi, teksi, hizi daladala za huku, ikasubiri ijae, ikaharibika Port Shepstone, akafika giza linaingia. Akauliza, "Yuko wapi kaka yangu?" Mama akatazama zulia. Shangazi akaelewa. Alisali pembeni, akakataa chai, akakataa hata maji, akaenda kulala mtaa wa Albert Park kwa mama mmoja Mtanzania ambaye hata hamfahamu vizuri. Kesho yake akaenda makaburini na yule mama, na kutoka huko akapanda gari la kurudi Umtata.

Ndugu aliyekuja msibani akalala nyumba nyingine, Baba, huyo ameshasema yote. Tangu hapo nikipiga simu ilikuwa hujambo, sijambo, haya. Mama alikuwa edani, hakuweza kutoka kumfuata, akawa anakaa dirishani anajilaumu. Siku moja aliniambia, "Huyu akitukata, Rehema, nani atakayekuambia baba yako alikuwa mtoto wa namna gani?" Wewe umekwenda, na nusu ya kwanza ya maisha yako yote iko kwa Shangazi peke yake.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi huu, kabla ya mfungo, niliichukua kombi. Usiku wa kuamkia safari nilitoa godoro, nikatoa jiko, pipa, vikombe, mpaka mapazia nikayafungua. Nikabakiza mbao tupu. Tulibeba nguo, na unga wa muhogo wa Shangazi. Mama akachungulia akaniuliza, "Sasa akitufukuza tutalala wapi?" Nikamwambia hatuna pa kulala, ndiyo maana yake. Akanitazama, akapanda.

Niliendesha mimi. Kokstad hatukusimama kwa chai, hatukuwa na cha kuichemshia. Mama hakusema mengi mpaka tulipoanza kuwaona ng'ombe barabarani, akasema, "Waombe radhi, baba yako alikuwa anawaomba." Nikawaomba.

Tuliingiza gari moja kwa moja uani. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini sufuria zilisikika jikoni. Mama akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Sufuria zikanyamaza, na hapakuwa na jibu. Nikafungua mdomo nipige mimi, Mama akanishika mkono. Hodi ya tatu isipoitikiwa unaondoka, mwenye nyumba ameshakataa, na sisi tungelazimika kugeuza gari. Mama akakaa kizingitini. Nikakaa karibu yake. Tulikaa tu pale kama watu wanaosubiri zamu kliniki, jua likatuhama miguuni, jirani akapita akatusalimia kwa Kixhosa, Mama akaitika kwa Kiswahili.

Mwishowe sauti ya Shangazi ikatoka ndani, karibu sana, kumbe muda wote amesimama nyuma ya mlango. "Hiyo ya tatu mnamwekea nani?"

Mama akaipiga. Shangazi akafungua akasema karibuni, lakini mkono hakutoa. Akatoa mkeka akatukalisha sebuleni, akakaa mbele yetu. Amekonda, Baba. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Nilidhani sasa ndiyo tutasemwa, na nilikuwa na majibu yangu tayari, unanijua. Yeye akasema tu, "Nielezeni siku ile. Anzeni asubuhi."

Mama akaanza. Kwamba uliamka ukalalamika goti. Kwamba ulikunywa chai ukaacha nusu ya andazi, ukasema utalimaliza ukirudi. Mwenye gereji alivyopiga simu akashindwa kusema, mpaka mkewe akaichukua. Walivyokuleta. Nani alikuosha, nani alikata sanda. Kwamba uso wako ulikuwa umetulia na kile kidonda cha wembe kidevuni bado kibichi. Walivyokulaza sebuleni kwetu, na wanaume wakaanza kuvua viatu mlangoni waje kukuinua.

Shangazi akanyanyua mkono. "Ngojeni," akasema. "Mimi bado niko Port Shepstone."

Tukangoja. Shangazi alifumba macho, midomo inacheza, mikono imeshika magoti kama mtu aliye kwenye gari linalorukaruka. Nje jogoo aliwika saa isiyo yake. Baadaye akasema, "Nimefika Isipingo." Tukangoja tena, na mimi nilianza kulia kwa sababu nilikuwa naiona njia, kila kona, kila roboti, zile taa za kuongozea magari, mpaka kuingia Umbilo. Akasema, "Nipisheni mlangoni." Mama akasogea kwenye mkeka, na mimi nikasogea, tukaacha nafasi katikati. Shangazi akasogea kwa magoti mpaka hapo, akainama, akakuambia maneno kwa Kizigua. Alikuambia mengi, Baba, kwa sauti ya chini, na pale mwisho alicheka kidogo. Kisha akajifuta uso kwa upande wa khanga, akarudi nyuma.

"Haya," akasema. "Mchukueni."

Mama akaendelea kueleza ulivyotoka.

Tumelala kwake siku nne, chumba cha mbele. Amemsema Mama kuhusu bada, amenisema mimi kwa kutoolewa, mambo yamerudi mahali pake. Ameniambia kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa mwoga wa bata. Miaka yote hiyo ukijifanya simba. Nitalitumia hilo nikikutana nawe.

Alichokuambia kwenye mkeka sikukielewa. Ni maneno yenu nyinyi wawili, nami nakuahidi sitamuuliza.

Nenda na amani, Baba, kwa kuwa wewe ndiye uliyeondoka na sisi ndio tunaopaswa kukuaga. Shangazi anakuja kwetu Idi. Alitaka kupanda teksi, nikamkatalia. Nitakwenda kumchukua mwenyewe, sasa na kila siku nyingine atakayoitwa, iwe ya harusi au ya kilio, na hakuna jambo litakaloanza nyumbani kwetu kabla sijamfikisha.

Mwanao,
Rehema