Jiwe la Bibi Yako

Muhima, 1992

Salma mjukuu wangu,

Huku tu wazima, ila goti la bibi yako linamsumbua. Umeuliza kwa nini bustani mpya ya kando ya mto ina jiwe baya katikati ya maua.

Nikiwa kijana, tulisafisha ukingo uleule tupate pa kupumzikia. Jiwe nililisukumia mtoni mwenyewe, nikajisifu. Kesho yake akaja binti na beseni la nguo.

“Jiwe yangu ya kufulia iko wapi?”

Sisi tuliona pori tu. Nilivua viatu, nikaingia majini kulitafuta, nikalirudisha mahali pake. Binti huyo ndiye bibi yako.

Juzi vijana wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, walipotaka kuling'oa, aliteremka na goti lake hilohilo, akalikalia. Wakapanda maua kumzunguka.

Babu yako, Hamisi