Nimemwomba Mwalimu Mkubwa msamaha

Orathai, shoga yangu, nimeaibika mpaka nacheka peke yangu.

Nilikuwa nabandua nyuzi za neva kwenye shina la ubongo wa Mwalimu Mkubwa, ndivyo tunavyomwita yule bibi aliyetuachia mwili wake tujifunzie. Kijiti cha kubandulia kikateleza, fungu zima la nyuzi likabanduka.

Nikapiga magoti hapo hapo, viganja nimeviunganisha. "Mwalimu, nisamehe, nimekuharibu." Kwa sauti. Kumbe Profesa Thawat yuko nyuma yangu. Nyuma yangu, Orathai.

Akainama, akachungulia. "Ile njia ya neva tunayoitafuta miezi mitatu, si hii hapa chini? Tena nzima."

Nikataka kuinuka.

"Kaa hapo hapo. Msamaha umeshaomba, sasa mshukuru."

Halafu mzee mwenyewe, na yale magoti yake mabovu, akapiga magoti pembeni yangu.